Macho ya Karani na Kioo cha Kompyuta
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kiganjo



Katika mkutano uliopita wengi waliuliza juu ya macho, nasi tukaahidi kulitafuta jambo hilo mpaka chini. Sisi si madaktari, ni makarani kama ninyi. Haya tunayoyaleta tumeyapata kwa kusoma, kwa kuwauliza wapimaji wa macho, na kwa kuwasindikiza wenzetu walipopatwa na taabu.

Mtu asidhani ya kuwa haya ni mambo ya Nairobi peke yake. Tazameni hapa petu. Tangu Chuo cha Polisi mpaka kiwanda cha maziwa, na kutoka hapa mpaka Nyeri mjini, ni kazi gani ya karani isiyopita kwenye kompyuta? Majani ya chai ya mkulima hupimwa na kuandikwa na mashini. Mshahara, kodi, cheti cha kuzaliwa, ada ya shule, vyote vimo mle. Kijana wa saiba hapa kituoni hukaa mbele ya kioo tangu asubuhi hata giza liingie, akiwajazia watu fomu za eCitizen, na akifunga duka huchukua simu yake akaendelea kutazama kioo kingine. Zamani karani alikuwa mtu mmoja katika ofisi. Siku hizi karibu kila mtu ni karani, hata mwenye duka, hata mwenye kuuza tikiti za matatu.

Tuanze na habari ya mwenzetu mmoja. Jina lake hatulitaji, wala la ofisi yake. Ni mama aliyefanya kazi ya kuingiza hesabu kwa miaka mingi, tena kwa sifa. Alipopita miaka 44 akaanza kukosea. Tarakimu 8 aliisoma 3, na 6 akaiona 0. Asubuhi alikuwa mzima. Ikifika saa tisa macho yanamwasha kama yametiwa moshi, na kichwa kinamgonga juu ya nyusi. Hakumwambia mtu. Aliogopa ya kuwa anapofuka, akaogopa zaidi ya kuwa mkubwa wake akijua atampa kijana kazi yake. Basi kila jioni alibaki nyuma akikagua upya hesabu zake za mchana, saa nzima isiyolipwa, mbele ya kioo kile kile kilichomchosha. Mwishowe makosa yakaonekana, akapewa barua ya onyo. Barua ilisema: uzembe kazini.

Hapo ndipo alipokuja kwetu. Twakiri ya kuwa hata sisi tulidhani mwanzoni ni ugomvi wa kawaida na mkubwa wa ofisi. Tulipomwuliza polepole ndipo akasema habari ya macho, na alipokuwa akisema alilia. Tulikwenda naye kwa mpimaji, na kazi yote haikufika saa moja. Hakuwa anapofuka. Macho yake yalikuwa yamekauka, na umri ulikuwa umemfikia, akahitaji miwani ya kuona kitu kilicho umbali wa mkono. Tulirudi kwa mwajiri na karatasi ya mpimaji mkononi. Barua ya onyo ikatolewa katika faili, baada ya majadiliano ambayo hatutayaeleza hapa maana hayakuwa ya kupendeza. Lakini fedha za miwani alitoa yeye mwenyewe, katika mshahara ule ule. Neno hilo la mwisho ndilo lililotuudhi kuliko yote, na ndilo lililotufanya tuandike karatasi hii.

Sasa, kompyuta hulifanya nini jicho?

Kwanza tuiondoe hofu. Katika miaka ya 1970, kompyuta zilipokuwa zikiingia katika ofisi za magazeti huko Marekani, wafanyakazi wa kule waliogopa mionzi ya vioo vile, wakidhani italeta mtoto wa jicho. Walidai vipimo vifanywe, vikafanywa, na mionzi ikaonekana ni kidogo mno, chini kabisa ya kipimo cha hatari. Kioo cha kompyuta hakipofushi mtu. Anayewaambia vinginevyo huenda ana kitu anataka kuwauzia. Lakini malalamiko ya macho kuuma yalikuwa ya kweli, na mwaka 1981 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza afya kazini, NIOSH, ilitoa shauri: dakika 15 za kuacha kioo baada ya kila saa 2 kwa kazi ya kiasi, na dakika 15 baada ya kila saa 1 kwa kazi nzito ya kutazama bila kuinua kichwa. Iwekeni akilini hesabu hiyo, tutairudia.

Wazee wetu waliopiga taipu wataielewa habari hii upesi kuliko vijana. Mpiga taipu alitazama karatasi, akatazama vidole kama si hodari, akafika mwisho wa mstari akasukuma gari la mashini kurudi. Baada ya ukurasa akatoa karatasi, akapanga kaboni, akaingiza nyingine. Akaondoka kwenda kutafuta faili. Akatembea kwenda kwa mkubwa kutiwa sahihi. Hakuna aliyeyaita hayo mapumziko, lakini jicho lilipumzika. Kompyuta imeyaondoa yote. Faili imo mle mle, sahihi imo mle mle, barua hupelekwa bila mtu kuinuka kitini. Kazi imekuwa nyepesi kwa miguu na nzito kwa macho.

Jicho la mtu anayezungumza na mwenzake hupepesa kama mara 15 au 20 kwa dakika. Kila kope ikishuka hupaka machozi juu ya jicho, kama vile waipa inavyopangusa kioo cha gari. Na machozi si maji matupu. Juu yana utando wa mafuta uzuiao maji yasikauke, katikati maji yenyewe, chini ute unaoyashikisha kwenye jicho. Sasa mtu akikaza macho kwenye kioo, hupepesa labda mara 5 au 7 tu kwa dakika, na mara nyingine kope haifungi mpaka mwisho. Mafuta hayaenei, maji hukauka, jicho hubaki wazi kama shamba la Januari. Ndipo huja ile hali ya mchanga ndani ya jicho, wekundu, na herufi zinazofifia kisha zikarudi ukipepesa. Wengine hutuambia, "Mimi macho yangu hayakukauka, yanatoka machozi." Hayo ndiyo macho makavu. Jicho likiona limekauka huita maji kwa wingi, lakini ni maji yasiyo na mafuta ya kutosha, hutiririka shavuni na kuliacha jicho kama lilivyokuwa.

Hapa kwetu nyanda za juu tuna mambo yanayozidisha. Mwezi wa Julai ukungu hukaa mpaka mchana, madirisha yamefungwa, na tajiri mwenye huruma huwasha heta ya umeme. Heta hukausha hewa, na wengi huigeuza ielekee uso. Igeuzeni ielekee miguu. (Walioingiza jiko la makaa katika chumba kilichofungwa tusingependa kuzungumza nao habari ya macho, hao wako katika hatari ya kufa, na jiko hilo litolewe kesho asubuhi.) Kisha ukifika Januari na Februari, vumbi.

Jambo la pili ni msuli. Ndani ya jicho mna lenzi, na kuizunguka mna msuli mdogo. Ukitazama mbali msuli umelegea. Ukitazama karibu unakaza, na lenzi inavimba kidogo ili herufi zionekane. Chukua kikombe cha maji ukinyooshe mbele kwa mkono. Si kizito, hata mtoto atakishika. Basi kishike hivyo tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana. Ndivyo msuli ule unavyofanya. Tena tangu miaka 40 hivi lenzi huanza kuwa ngumu kwa kila mtu, awe karani au mchunga mbuzi, na msuli hauwezi tena kuibadilisha upesi. Kompyuta haikuleta hali hiyo, lakini humfichua mtu mapema. Mchunga mbuzi hatajua mpaka siku atakapofungua kitabu.

Na miwani ya kusomea si lazima iwe ndiyo ya kompyuta. Kitabu hushikwa kama sentimita 40 kutoka machoni, kioo huwa sentimita 50 mpaka 70. Mtu mwenye miwani ya sehemu mbili, ya juu kwa mbali na ya chini kwa karibu, huinua kidevu siku nzima ili apate kukiona kioo kwa ile sehemu ya chini. Jioni hulalamika shingo. Huenda akanunua dawa ya kuchua shingo mwaka mzima, na ugonjwa wake uko puani pale miwani ilipokaa. Mkienda kupimwa, pimeni kwanza kwa mkanda umbali wa kioo chenu ofisini, mkamwambie mpimaji.

Kuna kanuni iliyotolewa na mpimaji wa macho wa Marekani, Jeffrey Anshel, nayo ni rahisi: kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Sisi tunaongeza: na upepese macho mara kadhaa, ukizifunga kope mpaka zikutane. Watu wa miji mingine hutafuta picha ya kubandika ukutani. Sisi tuna Kirinyaga. Asubuhi kabla mawingu hayajaupanda mlima, mwenye dirisha la upande ule aangalie mawe ya kilele na ile barafu kidogo iliyobaki, jicho litapumzika bila gharama. Mawingu yakifunika, hata mti wa jirani watosha.

Lakini tusidanganyane. Kanuni hiyo huisema kwa urahisi mtu asiyehesabiwa kazi. Karani anayeulizwa kila jioni ameingiza fomu ngapi, na mkubwa anapita nyuma ya kiti chake, hatathubutu kuutazama mlima hata sekunde 5. Ataonekana anaota. Kwa hiyo twasema, macho haya hayatapona kwa mashauri ya kila mtu peke yake. Yataponea mezani, mahali tunapoandika mapatano.

Kabla ya kufika huko, maneno machache ya meza na taa, ambayo kila mtu aweza kuyafanya kesho bila ruhusa. Kioo kisikae mbele ya dirisha wala dirisha lisiwe mgongoni. Dirisha liwe ubavuni. Ncha ya juu ya kioo iwe sawa na macho au chini kidogo, ili kope zifunike sehemu ya jicho na machozi yasikauke upesi. Tumeona ofisi ambamo kioo kimewekwa juu ya mashini yake kama picha ya ukutani, na watu wakikitazama kwa kuinua vichwa. Kishusheni. Mwangaza wa kioo usipite sana ule wa chumba. Herufi zikuzwe, hakuna tuzo kwa kusoma herufi ndogo. Na futeni vumbi, maana kioo chenye alama za vidole humfanya mtu akaze macho bila kujua.

Wengi mmetuuliza juu ya miwani ya kuzuia mwanga wa buluu, inayouzwa hata barabarani. Mwaka 2023 wachunguzi wa Cochrane walikusanya majaribio 17 wakayapima pamoja. Waliona ya kuwa miwani hiyo huenda haipunguzi uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida, kwa muda mfupi uliochunguzwa. Mwanga wa buluu unaotoka kwenye kompyuta ni kidogo sana ukilinganishwa na ule wa jua tunalotembea ndani yake kila siku. Ukiwa nayo, vaa. Ukiwa huna, fedha zako zinunue chakula. Ila kioo chenye mwanga mkali kitandani usiku chaweza kuharibu usingizi, na aliyekosa usingizi huamka na macho yaliyochoka kabla ya kazi kuanza.

Jihadharini na matone. Machozi ya bandia, yale ya kulainisha jicho tu, hayana neno. Lakini kuna matone yenye dawa ya steroidi, huondoa wekundu upesi, mtu akayapenda, akarudia kununua bila kuandikiwa. Dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Chupa aliyokuazima jirani irudishe.

Tena kuna hatari nyingine, ya kuitupia kompyuta kila lawama. Mzee mmoja katika wenzetu alisema kwa miaka ya kuwa macho yake yamechoshwa na kompyuta, akingoja kustaafu apumzike. Alinunua miwani sokoni, akabadilisha, akabadilisha tena. Alianza kugongana na watu katika soko la Karatina, wakamdhania mlevi, naye hanywi. Alipopimwa mwishowe alikutwa na glakoma, ambayo wengine huiita presha ya macho. Ugonjwa huo huua mshipa wa jicho polepole, mara nyingi bila maumivu, huanza kuiba uonaji wa pembeni, na kilichoibiwa hakirudi. Dawa huzuia kilichobaki kisipotee. Sisi Waafrika hutupata zaidi kuliko wengine, na huandama jamaa: mwenye baba au dada aliye nao apimwe asingoje. Mzee yule bado anaona mbele yake. Pembeni amepoteza. Tulipomtembelea hakutulaumu, lakini tulikuwa tumekaa naye ofisi moja miaka yote hiyo na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, twende ukapimwe.

Basi mtu akiona upinde wa rangi kuzunguka taa, au miali ya ghafla, au pazia likishuka upande mmoja, au jicho likiuma sana pamoja na kutapika, asingoje hata kesho. Hiyo siyo kompyuta. Aende hospitali siku ile ile.

Tuje kwenye mapatano. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya hali nzuri za kazi, na yakipa chama haki ya kujadiliana na mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri alinganishe mahali pa kazi na vyombo vya kazi na uwezo wa mfanyakazi. Na panapofanya kazi watu 20 au zaidi, sheria hiyo yataka iwepo kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa pande zote mbili. Ofisi ngapi hapa zina kamati hiyo? Na zile zilizo nayo, ilikutana lini? Wengi hudhani kamati ya usalama ni ya viwanda, habari ya mikanda na bwela. Meza ya kompyuta nayo ni mahali pa kazi.

Kwa wenzetu wa Uingereza, kanuni za mwaka 1992 zamlazimu mwajiri kulipa gharama ya kupima macho ya mtu anayetumia kompyuta kila siku, akiomba. Na akionekana anahitaji miwani ya kazi hiyo hasa, mwajiri huilipia. Nchi za Ulaya ziliafikiana hivyo mwaka 1990. Neno la waziwazi kama hilo ndilo tunalotaka liingie katika mapatano yetu yajayo: kupimwa mtu anapoajiriwa na kila baada ya miaka miwili, na miwani ya kioo ilipwe na aliyekileta kioo. Pia asiandikiwe mtu barua ya onyo kwa makosa ya kusoma kabla hajapimwa macho.

Kwa habari ya mapumziko, matajiri watasema tunaomba uvivu. Tufanye hesabu pamoja. Kazi huanza saa mbili. Saa nne kuna chai, ipo tayari. Saa saba kuna chakula, kipo tayari. Kwa ile hesabu ya 1981 ya dakika 15 kila saa 2, kilichobaki ni robo saa ya saa sita na robo saa ya saa kumi. Nusu saa kwa siku, tena si lazima mtu akae bure. Afaili karatasi, apeleke barua, ahudumie watu dirishani, maadamu ameacha kioo. Yule mama wa barua ya onyo alikuwa akitumia saa nzima kila jioni kusahihisha makosa ya macho yaliyochoka. Na saa ile hakuna aliyeihesabu, kwa kuwa ilikuwa yake.

Kila mwakilishi tunamwomba aandike mambo matatu juu ya ofisi yake: watu wangapi hutazama kioo zaidi ya saa 4 kwa siku, wangapi wamewahi kupimwa macho tangu waajiriwe, na kamati ya usalama ipo au haipo. Majina si lazima. Karatasi hizo zimfikie katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi, maana bila hesabu tutakwenda mezani na malalamiko matupu. Aliye na barua ya onyo ya namna ile aje nayo mwenyewe, asiitume kwa mtu.

Kuhusu watoto na simu, tumeulizwa hapa mlangoni na tutajibu kwa ufupi: mtoto anayecheza nje mchana, kama saa mbili kwa siku, hupunguza hatari ya kupata macho yasiyoona mbali. Mengine tutayazungumza siku nyingine.

Sasa ni wakati wa maswali. Mzee aliye karibu na mlango ameinua mkono tangu zamani, tumwanzie yeye.